Sindano za Tarime na Nafasi Yangu ya Chuo Kikuu

Picha ya kifua changu ilipigwa kwa sababu ya Chuo Kikuu, si kwa sababu nilijiona mgonjwa. Kila askari aliyechaguliwa kwenda kusoma alipaswa kupimwa kwanza: macho, mkojo, damu, kifua. Nilivua shati, nikakiegemeza kifua kwenye lile bamba la baridi, nikazuia pumzi kama nilivyoambiwa, na mawazoni nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha mbele namsikiliza mwalimu. Kikohozi nilikuwa nacho tangu mwisho wa masika, lakini kambini kwetu vumbi lilikuwa jingi na kila mtu alikohoa.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeanza sindano wiki hii, ambaye yuko kwenye benchi sasa hivi na hajui atazame wapi. Habari za wadudu wa kifua kikuu atakueleza daktari. Mimi naijua benchi.

Nilikuwa koplo. Nilizaliwa Nyakunguru, wilaya ya Tarime, na kwetu karibu kila boma lilikuwa na kijana wake jeshini. Niliingia jeshini nikiwa na elimu ya darasa la saba. Katika kikosi nilichopelekwa tulikuwa na afisa elimu, kapteni mmoja aliyekuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kuvaa magwanda. Jioni baada ya kazi alitufundisha kwenye bohari la zamani, askari wazima tumebanana kwenye mabenchi kama watoto. Kwake nilisoma masomo ya sekondari kwa njia ya posta mpaka nikamaliza, kisha nikafanya mtihani wa watu wazima wa kuingia Chuo Kikuu. Nilifaulu. Tawi la Chama kambini likanipitisha, wakubwa wakakubali mshahara wangu uendelee nikiwa masomoni, na mke wangu na watoto wabaki kwenye nyumba yetu ya kambini. Nilikuwa nakwenda kusomea ualimu ili nirudi niwafundishe askari wenzangu. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mkononi siku niliyovua shati.

Mke wangu anaitwa Nyangi. Ni Mnata, kwao Natta, wilaya ya Serengeti. Alimaliza kidato cha nne kabla sijamwoa, na kambini alikuwa akiwafundisha wake za askari kisomo cha watu wazima. Alinisaidia Kiingereza mpaka nikaacha kukiogopa.

Daktari wa kambi aliinua ile picha dirishani akanionyesha kwa kidole.

"Unaliona hili wingu?"

"Naliona, afande."

"Hilo halitakiwi kuwapo." Akaishusha picha. "Koplo, chuo hakitakupokea ukiwa hivi. Na nyumba yako ina watoto. Nenda ukatibiwe nyumbani, hospitali ya wilaya. Ukipona utapimwa tena."

Kapteni alinikuta nje nimekaa kwenye ngazi. Aliniambia nafasi yangu itawekwa mpaka mwakani, ameshazungumza na watu wa chuo. "Wewe kapone tu," alisema. Nilimwamini, na hata sasa sidhani kama alikuwa ananidanganya.

Mimi, Nyangi na watoto tulifika Nyakunguru wakati watu wanavuna mahindi. Kaka yangu Chacha ndiye mkubwa wa boma tangu baba alipofariki. Alitupokea vizuri, akachinja mbuzi. Kesho yake, alipojua ugonjwa ni nini, alianza kujenga kibanda kidogo upande wa zizi. Alijenga peke yake, bila kusema na mtu. Kilipokwisha kuezekwa alinijia akiwa bado ana nyasi kichwani.

"Mura, ndugu yangu, utalala pale," alisema. "Sahani yako na kikombe chako vitakaa huko huko. Usikasirike. Nina watoto wadogo."

Sikukasirika, au nilijiambia hivyo. Mama alikasirika kwa niaba yangu. Alikuwa akiniletea ugali kibandani na kukaa mlangoni akinitazama nikila, na Chacha alipopita alimgeuzia mgongo. Ndugu wawili tuliolala ngozi moja tukiwa wadogo, sasa tukawa tunasalimiana kwa kupunga mkono.

Sindano ilikuwa ya kila siku, na kutoka Nyakunguru hadi hospitali ya Tarime si safari ya kwenda na kurudi kila siku kwa mtu anayekohoa damu. Ndiyo, damu ilikuwa imeanza. Tukapanga chumba kimoja Nyamisangura, mjini, nyuma ya duka la mtu. Watoto wetu, Robhi na mdogo wake, Nyangi aliwapeleka kwa mama yake Natta. Robhi alikuwa ameanza shule. Alinishika suruali akaniuliza kama nao wanaenda kusoma Chuo Kikuu. Nilimwambia anakwenda kwa bibi, kuna ndama wengi. Sikumbusu. Nilikuwa nimeshafundishwa kugeuza uso nikizungumza na watoto.

Sasa nikueleze benchi. Ilikuwa nje, kwenye upenu wa chumba cha sindano, imetengwa na mabenchi ya wagonjwa wengine. Hakuna aliyeandika kwamba ni ya watu wa kifua kikuu, lakini mji mzima ulijua, na akina mama wenye watoto mgongoni walizunguka mbali ili wasipite mbele yetu. Kila mmoja alikuja na kikopo chake chenye kifuniko cha kutemea makohozi. Mwanzoni nilikificha changu ndani ya mfuko wa kitambaa. Baada ya muda unachoka kuficha.

Ndani, sindano za kioo zilichemka kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Nesi wetu aliitwa Ghati. Alikuwa mnene, mwenye haraka, na alitusemesha Kikurya hata wale wasiokijua. Makalio yangu yalianza kukakamaa, upande mmoja kisha mwingine, mpaka sindano ikawa haitaki kuingia. Nilikaa kwa ubavu, nikalala kifudifudi. Nyangi alinikanda kwa kitambaa cha maji ya moto kila jioni. Suruali za jeshi zikaanza kuning'inia. Mkanda nilitoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Vidonge navyo vilinitia kichefuchefu hata harufu ya dagaa ikawa adui yangu, na Nyamisangura kila nyumba inapika dagaa.

Hiyo ilikuwa miaka ya foleni. Sukari ilikuja kwenye duka la ushirika leo na kuisha leo. Sabuni ilikuwa habari ya kuelezana. Nesi Ghati alijua kwamba siwezi kumeza vile vidonge na uji usio na sukari, na mara moja moja alimpa Nyangi sukari kidogo iliyofungwa kwenye karatasi, bila kusema ameitoa wapi. Nilikunywa uji huo polepole sana. Ukiumwa muda mrefu utajua ninachosema: siku nzima inaweza kubebwa na uji wenye sukari.

Kwenye benchi nilikaa na Ogutu. Alikuwa Mjaluo wa Utegi, fundi baiskeli, mwenye vidole vyeusi visivyotakata hata kwa maji ya moto. Alipojua mimi ni askari aliniita afande, na alipojua nilikuwa naenda Chuo Kikuu alicheka mpaka akakohoa.

"Mtu mzima na ndevu zake, afande? Unaenda kukaa na watoto?"

"Serikali imetaka hivyo."

"Basi ukifika uwaulize kwa nini mpira wa baiskeli hauonekani madukani."

Ndiye aliyenifanya nicheke wakati sikuwa na sababu. Ogutu alinenepa haraka kuliko mimi. Baada ya mvua za vuli kuanza alikuwa na mashavu, kikohozi kimekwisha, na siku moja akaniambia anarudi Utegi, kazi zinamsubiri. Nilimkumbusha kwamba vidonge bado ni vya miezi mingi.

"Nimepona, afande. Nitazame."

Nilimtazama. Kweli alikuwa amependeza.

Mvua hizo hizo ndizo zilizokuja na vita. Tulisikia kwenye redio ya mwenye duka: adui ameingia nchini upande wa Kagera, na jeshi linakwenda. Watu walijaa dukani. Nilisimama nyuma yao na kikopo changu mkononi. Kikosi changu kilipelekwa. Vijana niliokaa nao kwenye lile bohari tukikokotoa hesabu walikuwa kwenye malori, na mimi nilikuwa nasubiri sindano. Sijui kama nilitaka kwenda vitani. Lakini sikutaka kuonekana Nyamisangura nimevaa suruali ya jeshi.

Wakati huo huo wakapima makohozi yangu tena. Daktari wa wilaya, kijana mtaratibu kutoka mkoa mwingine, alitukalisha mimi na Nyangi ofisini.

"Wadudu bado wapo," alisema. "Kwa wengine wangekuwa wamekwisha. Itabidi tuendelee na sindano. Hatuachi."

Nyangi akauliza, "Mpaka lini, daktari?"

"Mpaka makohozi yawe safi."

Tukaendelea. Mlio ulianza sikio la kushoto, mwembamba, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nilidhani utaondoka. Kisha ukaja wa kulia. Baadaye nikagundua kwamba mtu akinisemesha nikiwa nimegeuka sijui kama amesema. Na kitu kingine kikaja ambacho sikuwahi kukisikia kwa mtu yeyote: ardhi ilianza kucheza. Nikitembea, nyumba na miti vilirukaruka mbele yangu kama ninatazama nje nikiwa ndani ya lori kwenye barabara mbovu. Asubuhi moja nilikuwa naosha uso uani. Nilifumba macho kwa sababu ya povu, na hapo hapo nikaanguka kama gunia, nikapasuka paji la uso kwenye jiwe la kufulia. Mwili wangu ulikuwa hauijui tena njia ya kusimama mpaka macho yaushikilie.

Daktari aliiweka saa yake karibu na sikio langu, akaisogeza, akaisogeza tena. Kisha akazungumza taratibu, uso wake ukinitazama.

"Ni hizi sindano. Kwa watu wachache zinaharibu masikio na mahali pa ndani panapotusimamisha. Nikiziacha leo, usikivu uliobaki unaweza kubaki. Lakini wadudu hawa nawaogopa, na dawa nyingine za kutosha hapa sina. Nikiendelea, kifua kina nafuu kubwa zaidi. Masikio siwezi kukuahidi."

Nilimwomba aache. Nilisema haraka, kabla Nyangi hajafungua mdomo. Chuo Kikuu mtu anasoma kwa masikio. Mwalimu anasimama mbali, anasema mara moja, wewe unaandika. Nilijua hayo yote ingawa sijawahi kukanyaga pale. Nilimwambia daktari nipo tayari kukohoa.

Tulirudi chumbani na Nyangi. Akafunga mlango, akanishika mashavu kwa mikono miwili ili nione mdomo wake.

"Baba Robhi, wewe unataka kufa ukiwa unasikia vizuri?"

"Nataka kusoma."

"Utasomea kaburini? Wale watoto niliowaacha Natta nikawaambie nini, kwamba baba yao alichagua darasa?"

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Tulinyamaziana mpaka jioni ya kesho yake, mle mle chumba kimoja, tukipishana kama wapangaji wawili. Alipika, akaniwekea, akatoka nje. Nilikaa na ile sahani nikawaza mengi, na mwisho wa mawazo yangu kulikuwa na Robhi ameshika suruali yangu. Asubuhi nilikwenda kwa Nesi Ghati nikashusha suruali. Hakuuliza. Alinidunga akanipiga kofi dogo mgongoni, kama mtu anayemsukuma ng'ombe mlegevu.

Kipindi kilichofuata ndicho kibaya kuliko vyote, na ndicho ninachotaka ukijue, ili ukikifikia usidhani umepotea peke yako. Masikio yalikwenda. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na kitundu kidogo, ambamo sauti zilipita zikiwa zimevunjika. Nilitembea kwa kushika kuta, na palipokosa ukuta nilitembea miguu imepanuka, nikiyumba. Mji ukaamua kwamba nalewa. Siku moja karibu na soko nilimgonga mama mmoja, karanga zake zikamwagika. Nilijaribu kuinama kumwokotea, nikaanguka juu yake. Sikusikia yote aliyosema, lakini alisimama mbele yangu kabisa, na mdomo wake niliusoma vizuri.

"Wanangu wawili wako vitani. Wewe askari mzima uko hapa na pombe zako mchana."

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, na kwa kuwa sikuisikia sauti yangu mwenyewe sikujua kama imetoka au haikutoka. Watu walitazama. Nilikaa pale chini kwenye tope la masika mpaka Nyangi akaja, akaniinua kwa kwapa, akamwokotea yule mama karanga zake moja moja. Usiku wala mchana sikutoka nje kwa muda mrefu baada ya hapo, isipokuwa kwenda kudungwa. Nililala nimegeukia ukuta. Nilitamani Nyangi aende kwao, nilimwambia aende. Nilitamani ugonjwa ushinde haraka. Sikulia. Nilikuwa mkavu kama kuni.

Katikati ya masika wakamleta Ogutu. Walimleta kwenye machela ya miti, ndugu zake wanne, miguu yao imejaa matope ya njia. Alikuwa ameacha vidonge tangu alipoondoka. Sikumtambua mpaka nilipoona vidole. Alinitazama, akasema kitu, nikainama kumkaribia na bado sikupata. Nilimshika mkono tu. Nilitikisa kichwa kama mtu anayekubali, na mpaka leo sijui nilikubali nini. Alifariki kabla mvua hazijakwisha. Kama uko kwenye benchi na umeanza kunenepa, tafadhali meza vidonge vyako vyote mpaka daktari mwenyewe akwambie basi. Hilo ndilo moja ninalokuomba.

Kiangazi kilipoingia makohozi yangu yakawa safi. Wakapima tena, yakawa safi tena. Nesi Ghati alinionyesha kwa kufuta viganja vyake, kimoja juu ya kingine: kwisha. Sindano zikakoma, vikabaki vidonge. Ningepaswa kufurahi. Niliketi kwenye ile benchi kwa mazoea, nikashindwa kuondoka, kwa sababu sikujua sasa ninangoja nini.

Vita vilikuwa vimekwisha kwa ushindi wa upande wetu, na askari walianza kurudi. Kapteni alikuja Nyamisangura mwenyewe, mchana, amekonda, ana kovu jipya shingoni. Tulimkalisha kwenye kiti chetu pekee. Nilisimama nikapiga saluti, nikayumba, akanidaka. Alizungumza, na ndevu alizofuga huko vitani zilifunika mdomo wake. Sikupata hata neno. Nyangi akasogea akakaa kati yetu, akawa anasikiliza kisha ananigeukia na kuyatamka maneno polepole.

"Afande anasema wenzako wengi wamerudi salama. Wengine hawakurudi." Akataja majina. Akasubiri nimalize kuyapokea.

Kapteni akaendelea. Nyangi alisikiliza kwa muda mrefu kidogo, akaangalia chini.

"Sema," nilimwambia.

"Baraza la madaktari limekaa. Umeachishwa jeshi kwa ugonjwa." Aliyatamka yote polepole. "Na kwa kuwa si askari tena, jeshi haliwezi kukusomesha. Chuo nacho kinataka mtu anayesikia. Nafasi imefungwa. Anasema alipigania, amepigania sana."

Nilimtazama kapteni. Alikuwa ametoa kofia, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani.

Kisha akasema tena, maneno mengi, akimtazama Nyangi na si mimi. Na Nyangi hakunigeukia. Alimjibu yeye. Wakajibizana. Nilimwona anatikisa kichwa kukataa, kapteni anasisitiza kwa kidole juu ya goti. Nilikaa pale kama mtoto ambaye wazazi wanagombana juu yake.

"Anasema nini?" niliuliza. Nadhani nilipaza sauti sana, maana mwenye duka alichungulia.

"Hakuna," Nyangi alisema. "Salamu tu."

"Nyangi."

Akanigeukia.

"Kikosi kinaweza kumwombea nafasi ya masomo mtu mmoja wa familia ya askari aliyeachishwa kwa ugonjwa. Watoto ni wadogo. Anasema mimi nina kidato cha nne, na wananijua kambini kwa kisomo. Chuo cha ualimu kitanichukua mwaka huu, kikosi kitasaidia na watoto. Nimemwambia hapana. Nimemwambia nina mgonjwa."

Mgonjwa huyo nilikuwa mimi. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amevaa kitenge kilichopauka kwa kufuliwa bila sabuni, na mikono yake ilikuwa imekuwa migumu kwa kunibeba. Nilihisi wivu mkali. Nilihisi pia aibu, na hofu tupu ya kubaki peke yangu katika ule ukimya. Kapteni akaondoka akituachia siku chache za kufikiri.

Siku zile nilimwona anafua, anapika, hanisemeshi habari hiyo. Ila jioni moja nilimkuta uani amekaa juu ya lile jiwe la kufulia, anasoma gazeti kuukuu lililofungiwa nyama, analisoma neno kwa neno, hata matangazo. Hakujua nipo. Nikakaa chini karibu naye.

"Nenda," nilisema.

Alilikunja lile gazeti. "Nani atakushika mkono?"

"Sijui."

"Ukianguka?"

"Nitaanguka. Ukibaki pia naanguka."

"Baba Robhi, nikibaki tutakuwa wawili tusio na kazi na watoto wawili," alisema, na hapo nikaona kwamba alikuwa ameyafikiri yote zamani, akingoja tu niseme mimi. "Lakini nikienda nitakuwa nakuwaza kila siku kama uko hai."

"Niko hai. Daktari kasema."

Akacheka kidogo. Nilikuwa nimesahau meno yake yanavyokaa akicheka.

Tulirudi Nyakunguru kumweleza Chacha kwamba Nyangi anakwenda kusoma na mimi nitabaki bomani kwake. Mama alikuwa amemwandaa. Kibanda changu kilikuwa kimebomolewa, na kuta zake za miti zimerudi kuwa kuni. Chacha alinipa sahani ya ugali akakaa upande wa pili akachovya kwenye bakuli lile lile la mboga. Mkono wake ulisita kidogo juu ya bakuli, nikaona. Kisha ukashuka. Tukala. Watoto waliletwa kutoka Natta. Robhi alikuwa amerefuka, akaniamkia shikamoo kama anavyoamkia wageni, na ilichukua msimu mwingine wa mvua mpaka akanizoea tena.

Nilishakuambia kwamba nafasi yangu ilifungwa. Haikufunguliwa tena. Kuna siku bado nikiota nasikia mtu anafundisha, nasikia kila neno, nikiamka uko ule mlio tu. Sitakudanganya kwamba kitu kama hicho kinaacha kuuma. Ninalima kwa kushika jembe kama fimbo, namwagilia kahawa za Chacha, na ninapumua hadi chini kabisa ya mapafu. Mtu aliyewahi kukosa pumzi anajua hilo si jambo dogo.

Landrova ya jeshi ilikuja kumchukua Nyangi asubuhi, mahindi yakiwa yamekauka shambani. Alimkumbatia mama, akawakumbatia watoto, akanishika mashavu kama alivyozoea lakini hakutamka neno. Alipanda nyuma. Gari likaanza kutembea kwenye ile njia mbovu, vumbi likapanda, na ndipo akakumbuka kitu, akatoa kichwa nje akaanza kusema. Nilimwona anasema. Gari lilirukaruka na macho yangu nayo yakarukaruka, mdomo wake sikuweza kuusoma. Nilikwenda mbele hatua chache, nikayumba. Mkono ukanikamata kwapani. Ni Chacha. Alinishika kwa nguvu, kifua chake kikiwa kimegusa bega langu, akaweka mdomo wake kwenye sikio langu la kulia, karibu kabisa, yeye ambaye kwa mwaka mzima hakutaka hata kikombe changu kiguse chake, akapaza sauti.

"Anasema nisikuachie."

Gari lilipita kilima. Hakuniachia.